Harken MKIV kwenye boti za Tanga mjini: mtambo mzuri, ila henza (kamba ya kutweka tanga) ichungwe

Mtambo huu wa Marekani wa kuvingirisha tanga la mbele unastahili bei yake. Ubora wake, na makosa ya aliyeufunga, huonekana siku ya kubadilisha tanga. Kaskazi inavumilia tanga kubwa. Kusi ikikaza, Juni hadi Agosti, linatakiwa dogo la kitambaa kizito.

Boti ikiwa kwenye boya pale Ras Kazone, kazi ifanywe alfajiri, kabla upepo haujaingia ghubani. Fungua tanga lote, legeza henza, kisha mtu mmoja avute ukingo wa mbele wa tanga chini huku mwenzake akilikunja omoni, mbele ya boti. Bomba la alumini linalovishwa waya wa mbele lina mifereji miwili ya kushika ukingo, lakini kizungushi cha juu, kinachobeba kichwa cha tanga na kuvutwa na henza, ni kimoja tu, kwa hiyo katika safari za kawaida tanga la zamani lazima litue kwanza. Kabla ya kutweka jipya, pitisha mferejini kipande cha utepe wa ukingo cha sentimita 30, kimelowa maji ya sabuni, kimefungwa kamba ncha zote mbili. Kitashuka na unga wa chumvi. Usipake grisi, inashika vumbi.

Kosa kubwa linakuja hapa. Tanga dogo lina ukingo mfupi, basi kizungushi kinasimama chini ya mahali pake na henza inabaki sambamba na mtambo. Ukivuta kamba ya kuvingirisha, henza inajisokota kwenye alumini kama mtambaazi kwenye mti, mtambo unazunguka nusu na kukwama. Dawa ni kipande cha kamba isiyovutika kati ya kichwa cha tanga na kizungushi, kirefu kiasi cha kukipandisha hadi karibu na juu kabisa. Henza itoke hapo kwa pembe ya nyuzi 8 hadi 10 hivi. Mlingoti usipotoa pembe hiyo, funga roda (kapi) ya kuielekeza henza. Mtambo ukikwama, msiguse winchi: nguvu yake inapinda alumini na inaweza kukata waya wa mbele. Fungua tanga, legeza henza, tazama juu.

Tanga likishavingirishwa, demani, yaani kamba za kukaza tanga, zilizunguke mara mbili au tatu, na ngoma ya chini inayokunja kamba ya kuvingirisha ibakiwe na mizunguko mitatu minne ya kamba, maana Kusi hulibana tanga na mizunguko huongezeka. Kamba ikizungushwa ngomani kinyume, kitambaa cha kukinga jua kilichoshonwa kwenye tanga kinaingia ndani na jua la hapa linakula nyuzi za tanga lenyewe. Roda za demani zisogezwe mbele kwa tanga dogo.

Beringi za mtambo ni wazi na hazihitaji mafuta. Zimwagie maji baridi ya bomba, ngomani na kwenye kizungushi, kila mkirudi. Lawama yetu ni skrubu za chuma cha pua ndani ya alumini: chumvi huziganda. Zifunguliwe kila mwaka na kurudishwa na mafuta maalumu ya kuzuia kuganda, na vipuri viagizwe kabla ya msimu.