Siku tatu kwenye kongamano la uongozi wa vijana Mwanza: uzoefu wangu nikiwa Mkenya

Kwetu ni Kisumu. Mwanza huu ni mwaka wangu wa tatu, nafundisha shule ya msingi ya binafsi upande wa Nyegezi. Ziwa ni lilelile, ila huku ngege anaitwa sato, mbuta ni sangara, omena ni dagaa, na ukimwambia mwenye duka "nipe sukari" badala ya "naomba sukari" anakutazama mara mbili. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyonipeleka kwenye kongamano. Nilikuwa nimechoka kuishi kama mtu aliyekaa stendi na begi mapajani.

Tangazo nililiona kwenye kundi la WhatsApp la walimu: Ijumaa hadi Jumapili, ukumbi wa hoteli karibu na Capri Point, ada shilingi 45,000 pamoja na kitini, chai na chakula cha mchana. Kwa bei hiyo chakula kilitosha, na Jumamosi tulikula sato wa kukaanga mzima mzima, siyo vipande.

Shida ilianza kwenye fomu. Ilitaka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na bila hiyo haiendi mbele. Mimi ninayo pasipoti na kibali cha ukaazi. Nilipiga simu mara tatu, nikazungushwa, hadi kijana mmoja wa mapokezi akaniambia nije na pasipoti yangu mkononi wataniandika kwenye daftari. Akaitimiza ahadi, namshukuru. Lakini jiji hili lina Wakenya, Waganda, Warundi na Wakongo wengi wanaofanya kazi zao kihalali, na wengine naamini waliishia kwenye fomu.

Siku ya kwanza iliniudhi kweli. Ufunguzi ulikuwa saa 3 asubuhi, mgeni rasmi akaingia saa 6 kasoro. Tuliimbishwa, tukapigishwa makofi ya kilo, tukajitambulisha mara mbili. Somo la kusoma hesabu za kikundi, ambalo wengi tulilifuata, likabanwa kwenye dakika 40. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba hakuna posho wala nauli, na baada ya chai viti kadhaa vikabaki vitupu. Sikuwalaumu walioondoka, maana mtu aliyetoka Sengerema kwa nauli yake alistahili kuambiwa mapema. Jambo hilo lingeandikwa kwenye tangazo.

Sasa Jumamosi. Kwa ajili ya siku hiyo peke yake ningelipa ada mara mbili.

Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi ameongoza kikundi cha wanawake wanaoanika na kuuza dagaa. Hakuja na kompyuta. Alitugawa makundi ya watu wanane, kila kundi akalipatia karatasi yenye kisa: mweka hazina wa kikundi amemkopesha kaka yake fedha za wanachama bila kuuliza, mkutano ni leo, nani anaongoza? Kundi letu likanisukuma mimi, eti mwalimu anajua kusema. Nikasimama, nikaingia moja kwa moja: fedha ziko wapi, zinarudi lini, nani mwingine alijua. Watu wakanyamaza. Aliyeigiza mweka hazina akainamisha kichwa na hakujibu chochote.

Kijana mmoja wa Ukerewe akaniambia taratibu, "Mwalimu, hoja yako nzuri, ila umetuingilia bila kupiga hodi."

Mama akanirudisha mwanzo. Akanitaka nitoke nje ya ukumbi, niingie upya, nisalimie. Nikaingia na "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma niliyojifunzia sokoni, ukumbi mzima ukaitikia. Nikauliza habari za nyumbani, nikamshukuru mweka hazina kwa kufika, ndipo nikaliweka daftari mezani na kumwomba atusomee mwenyewe ukurasa wa mwisho. Akasoma. Maswali yangu yalikuwa yaleyale, na safari hii yalijibiwa yote.

Mchana nikamfuata nikamwambia, "Shikamoo mama. Mimi lakini ni mgeni hapa, uongozi huu nitauongozea wapi?" Hakunipamba. Akasema uenyekiti wa mtaa ni wa raia, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo ni ya raia. Nisipoteze muda wangu huko. Kisha akaniuliza nina muda gani Mwanza. Nikamjibu.

"Mgeni siku mbili, mwanangu, siku ya tatu mpe jembe. Wewe una miaka mitatu. Jembe lako liko wapi?"

Nililala na swali hilo. Jumapili, siku ya mwisho, kulikuwa na hotuba, vyeti na picha kwa wingi, na sikumbuki mengi.

Nyumba ninayopanga tuko wapangaji saba kwenye mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kila mwezi ni ugomvi: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajachanga. Wiki mbili baada ya kongamano niligonga mlango mmoja mmoja, nikaanza na mama mkubwa wa chumba cha mbele, nikawaomba tukae barazani Jumapili jioni. Tulikaa sita. Tulikubaliana viwango, mwenye friji akajipandishia mwenyewe, na sasa kuna daftari limefungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha chini ya mita. Yule wa saba alijiandika wiki iliyofuata.

Kwa hiyo nalipendekeza kongamano hili, hasa kwa anayeishi mbali na kwao. Ijumaa beba kitabu cha kusoma wakati wa kumsubiri mgeni rasmi, Jumamosi usikose kwa lolote. Na waandaaji nawaomba sana: mwakani mumpe yule mama siku mbili, na kwenye fomu muweke nafasi ya kuandika namba ya pasipoti.