Wahl-O-Mat: msaada wa kweli kwa mpiga kura wa vyama vingi

Naandika tathmini hii hasa kwa wenzangu tuliopata uraia wa Ujerumani ukubwani. Wenyeji wanavijua vyama vyao tangu wakiwa wadogo, wanajua babu alikipigia kura kipi na kwa nini. Sisi tunapokea barua ya kutuita kwenye uchaguzi (inakuja yenyewe nyumbani, huhitaji kwenda kujiandikisha popote), halafu tunaachiwa orodha ndefu ya majina. Katika uchaguzi wa Bunge wa Februari 23, 2025, vyama 29 vilikuwa vinagombea. Nani ana muda wa kusoma ilani 29?

Wahl-O-Mat ni huduma ya bure ya mtandaoni inayotolewa na taasisi ya serikali ya elimu ya uraia tangu 2002. Wazo lilitoka Uholanzi, ambako huduma ya aina hiyo iitwayo StemWijzer ilianza mwaka 1989 kama kijitabu. Unaletewa hoja fupi 38, moja baada ya nyingine, na kila moja unajibu: nakubali, sina upande, sikubali, au unairuka. Hoja ya kwanza ya 2025 ilihusu kuendelea kuipa Ukraine msaada wa kijeshi. Nyingine ilihusu kuweka ukomo wa mwendo kwenye barabara kuu zote, nyingine kupandisha kima cha chini cha mshahara hadi yuro 15 kwa saa. Ukimaliza, unachagua hoja zinazokugusa zaidi ili zihesabiwe mara mbili. Mkilingana na chama unapata pointi 2, mmoja wenu akiwa katikati na mwingine ana upande ni 1, mkipingana kabisa ni 0. Hakuna siri ndani ya hesabu hiyo, na hilo linanipa imani nayo.

Lakini uzuri wenyewe hauko kwenye asilimia za mwisho, zinazoonyesha unalingana na kila chama kiasi gani. Uko kwenye ukurasa unaofuata, ambako kila chama kimeeleza kwa maneno yake kwa nini kimejibu kilivyojibu. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu, na hapo ndipo nakuomba nawe ukae. Vyama viwili vinaweza kuipinga hoja moja, kimoja kwa kuona imepita kiasi, kingine kwa kuona haitoshi. Kwenye asilimia vinaonekana ndugu. Ukisoma maelezo unakuta wako pande mbili za dunia. Anayeishia kwenye asilimia ameiacha nusu bora ya huduma hii.

Kuna mambo isiyoweza kukufanyia. Inapima maneno, haipimi matendo. Chama ambacho hakijawahi kushika wizara hata moja kinaweza kuahidi kwa uhuru mkubwa, na kile kilichotawala kinabeba historia ambayo hutaiona humo. Pia haikuambii kama chama kilichokaa juu ya orodha yako kina nafasi ya kuingia bungeni, na mara nyingi kinachokaa juu ni chama kidogo. Ujerumani inagawa viti kwa uwiano wa kura, lakini kwa kawaida chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura za vyama hakigawiwi. Kwa hiyo unabaki na swali zito: nipigie kile kinachonifaa zaidi, au cha pili kwenye orodha ambacho nina hakika kitaingia? Mimi nilijibu swali hilo kwa kusoma upya maelezo ya vyama vyote viwili, si kwa kutazama kura za maoni.

Na tusidanganyane kwamba kura moja haina uzito. Katika uchaguzi huo wa 2025 chama cha BSW kilipata asilimia 4.98, kikakosa kura takribani 9,500 tu kati ya karibu milioni 50 zilizopigwa. Kingevuka, vyama vya CDU/CSU na SPD, vilivyopata kwa pamoja viti 328 kati ya 630, visingekuwa na wingi wa kutosha kuunda serikali peke yao. Uwe ulikitaka chama hicho au ulikiogopa, watu wa kujaza uwanja mdogo wa mpira waliamua serikali iundwe vipi. Wengine kama hao walibaki nyumbani siku ile.

Hapa ndipo ninapoona kwamba ubora wa chombo hiki ni wa mfumo unaokizunguka pia. Kwenye nchi ya vyama viwili, swali la "nani anafanana nami" linamezwa na "nani simtaki kabisa". Katika uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 2000, Bush alimshinda Gore kwa kura 537 jimboni Florida, huku Ralph Nader, mgombea wa chama kidogo, akiwa na zaidi ya 97,000 jimboni humo. Mtu aliyempigia Nader kwa moyo safi alilaumiwa kwa miaka. Uingereza mwaka 2024, chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650 kwa theluthi moja ya kura, na chama cha Reform kikapata viti 5 kwa asilimia 14. Kwa mpiga kura wa aina hiyo, orodha ya asilimia inayolingana na imani yake ni taarifa nzuri isiyo na pa kwenda.

Sisemi vyama viwili havina faida. Usiku uleule unajua nani atatawala, na akiharibu unajua wa kumwondoa. Kwenye vyama vingi serikali hupikwa baada ya kura, bila wewe kuwepo mezani. Ubelgiji ilikaa siku 541 kati ya 2010 na 2011 bila kupata serikali kamili, na mseto wa vyama vitatu wa Ujerumani ulivunjika Novemba 2024 kabla ya muda wake. Hata hivyo ningali naupendelea mfumo unaoniruhusu kupiga kura ya kutaka. Nilipoingia kituoni nilijua hoja zangu tano za msingi na chama changu kilisema nini kuhusu kila moja.

Ushauri wa matumizi: usifanye kwa haraka ukiwa kwenye treni. Ruka hoja usiyoielewa badala ya kubonyeza "sina upande", kwa sababu hilo linahesabiwa. Linganisha vyama vyote, si vile vikubwa pekee. Ifanye pamoja na mwenzako, kila mtu kwenye simu yake, kisha mbishane juu ya hoja mlizotofautiana. Toleo jipya hufunguliwa wiki chache kabla ya uchaguzi. Matoleo ya zamani yamehifadhiwa mtandaoni, hivyo unaweza kujaribu la 2025 leo hii hata kama huna haki ya kupiga kura kule.