Programu ya duka la vifaa vya ujenzi: ufunguo upi ulipie, upi ukatae

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Birere, Goma, akitafuta programu ya bei na stoo huonyeshwa skrini zenye rangi na ripoti za kuchapisha. Kinachovuruga hesabu hakimo humo. Kimo kwenye ufunguo, yaani kile ambacho programu inakitumia kutafuta bei ndani ya kamusi yake (orodha inayounganisha kila ufunguo na thamani yake). Msumari unatosha kwa kipimo kimoja, inchi 3. Bati linataka BG 28 (kipimo cha unene), rangi, tena urefu. Idadi ya sehemu za ufunguo inabadilika kutoka bidhaa hadi bidhaa, na hapo ndipo kazi mbovu hujificha.

Kwa programu iliyoandikwa kwa C# (lugha ya kuandikia programu), mpangilio wetu wa njia za kuunda ufunguo, kuanzia iliyo bora, ni huu.

Ya kwanza ni aina maalum ya ufunguo: strakti (kifurushi cha data) inayobeba safu (array, mfululizo) ya sehemu zote. Equals yake, inayoamua kama funguo mbili ni sawa, inalinganisha idadi ya sehemu, kisha sehemu moja moja. GetHashCode, inayokokotoa heshi (namba inayoelekeza ufunguo uwekwe droo ipi ya kamusi), inapitisha kila sehemu kwenye HashCode.Add. Muulize mwandishi wa programu kama safu inanakiliwa ufunguo unapoundwa. Isiponakiliwa, rangi ikibadilishwa baadaye kwenye safu ileile, heshi inaelekeza droo nyingine: bati limo kwenye jumla, lakini ukilitafuta hulioni. Uliza pia kuhusu herufi kubwa. Kama Equals inahesabu "Nyekundu" na "nyekundu" kuwa kitu kimoja, heshi nayo lazima ifanye hivyo.

Ya pili ni mlinganishi, IEqualityComparer, yaani kanuni za kulinganisha funguo zilizoandikwa kando, anayekabidhiwa kamusi inapoundwa. Matokeo ni sawa na ya kwanza. Tunaishusha kwa sababu kila kamusi mpya lazima ipewe mlinganishi wake. Ya bei ikipewa na ya madeni ikasahauliwa, kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) haitasema neno.

Tupo (tuple, kundi la thamani chache zilizofungwa pamoja) ni ya tatu. Ni ya haraka na salama, lakini idadi ya sehemu imefungwa tangu mwanzo. Inafaa anayeuza mabati peke yake. Siku ukiongeza bidhaa ya sehemu nne, utalipa kuandikiwa upya.

Ya nne ndiyo inayouzwa kwa bei nafuu: sehemu zinaunganishwa kuwa neno moja refu, zikitenganishwa kwa mkwaju. Bomba la inchi 1/2 linakuwa "bomba/1/2". Bomba la inchi 1, mita 2, nalo linakuwa "bomba/1/2". Bei ya pili inafuta ya kwanza kimyakimya. Kubadilisha mkwaju kuwa kistari kunahamisha tu tatizo. Dawa yake ni kutanguliza urefu wa kila sehemu: "5:bomba3:1/2" haiwezi kufanana na "5:bomba1:11:2". Kuna mtego mwingine unaotugusa sisi hasa: kompyuta iliyowekwa Kifaransa inaandika 2,5, ya Kiingereza 2.5. Bati lilelile linapata funguo mbili kwenye mashine mbili za duka moja. Mdai mwandishi atumie CultureInfo.InvariantCulture (mpangilio usiofuata lugha ya kompyuta) kila namba inapogeuzwa kuwa maandishi.

Ya kukataa kabisa ni safu yenyewe kutumika kama ufunguo. C# inalinganisha safu kwa kuangalia kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu, haitazami yaliyomo. Rekodi (record, aina ambayo C# huilinganisha yenyewe sehemu kwa sehemu) yenye safu au List (orodha) ndani yake ina ugonjwa huohuo, na inadanganya zaidi kwa kuwa kwa macho inaonekana sahihi.

Kabla ya kutoa awamu ya mwisho ya pesa, keti na muuzaji kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ingiza bomba la inchi 1/2 kwa dola 3, kisha la inchi 1, mita 2, kwa dola 9. Tafuta la kwanza. Likija na dola 9, au programu ikikataa kuingiza la pili, ni ile ya nne isiyotibiwa. Kisha ingiza bati BG 28, jekundu, mita 2,5. Funga dirisha, lifungue, uandike upya maneno yaleyale. Likionekana kwenye orodha huku utafutaji unasema halipo, huenda umeletewa safu.