Choo cha paka cha laki na ishirini, na beseni la elfu kumi na nane lililokishinda

Nianze na bei tusipotezeane muda: laki moja na ishirini elfu. Ndizo nilizoacha kwenye duka moja la vifaa vya wanyama upande wa Masaki, kwa choo cha paka chenye paa, kimlango cha kusukuma na kichujio cha mkaa juu. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada, hiki hata ukikiweka sebuleni, mgeni hajui kama unafuga paka." Kweli, wageni hawakujua. Na paka naye akafanya kama hajui.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Magomeni, vyumba viwili na sebule. Paka wangu anaitwa Ubwabwa, dume jeupe la miaka mitatu, ameshahasiwa. Tangu mdogo alikuwa anajisaidia kwenye kibeseni cha mchanga wa ujenzi, na anafukia vizuri, hana neno. Februari nikapata kazi ya sare za kichen pati, doti kumi na nne za kitenge, nikazipanga kwenye kochi. Asubuhi nainua doti ya tatu, nzito. Uzito ulinijulisha kabla ya pua. Kitenge kipya kina gundi yake, ukikivuta kinalia kama karatasi. Hiki nilikivuta kikanyamaza kimya.

Nikajiambia kile kibeseni ndicho kimemchosha, kimezeeka na kinanuka. Siku hiyohiyo nikaenda Masaki.

Choo chenyewe, nisikisingizie, kimetengenezwa vizuri. Plastiki nene, vifungo vinashika, kukiosha ni dakika tano. Kingekuwa cha kutumiwa na mimi ningekipa nyota zote. Shida ni kwamba kila kilichowekwa mle kimewekwa kwa ajili ya pua ya mwenye hela. Paa linazuia harufu isitufikie sisi, kwa hiyo inabaki ndani na yeye, na pua ya paka haifanani na yangu. Juu ya hapo nikapewa mfuko wa mchanga wenye manukato ya lavenda kama zawadi. Ubwabwa alisukuma kimlango kwa kichwa, akatia mguu mmoja, akautoa, akaukung'uta kama aliyekanyaga supu. Kisha akaenda zake kukojoa kwenye mswala wa mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kwetu wiki ile kutibiwa macho.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, paka si najisi, Mtume ametuambia ni katika wanaotuzungukia majumbani. Lakini kojo lake ni najisi, na mimi Alasiri yangu inapita." Nilitamani sakafu inimeze.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani wa kulia: siki. Jirani wa kushoto: ndimu na pilipili manga. Fundi wa feni: mtie kwenye kiroba ukamwache Feri, kule samaki wapo na wenzake wapo. Mimi nikaenda kwenye dawa ya madoa, na hapo naomba usinifuate. Dawa ya madoa yenye klorini ikikutana na kojo inatoa hewa inayokaba kifua, nilikohoa hadi machozi. Na ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, usiimwage anapopita paka kabisa. Anakanyaga, anajilamba, na ini lake haliwezi kuisafisha sumu ile.

Ndipo nikanunua dawa ya vimeng'enya, chupa ya kupulizia, elfu arobaini na tano. Mara ya kwanza niliiona utapeli. Nilipuliza kama manukato, nikafuta, jioni harufu ikarudi. Kosa langu. Kojo la paka likikauka linaacha chembe ambazo maji matupu hayaziyeyushi, zinatulia pale, siku hewa ikiwa na unyevunyevu zinaamka tena. Ndiyo maana masika ikaja na kochi langu likaanza kunuka upya mahali nilipokuwa nimeshapasahau. Vimeng'enya vinazimeng'enya chembe hizo, lakini vinataka muda na vinataka kufika zilipo. Kama kojo limezama hadi kwenye sponji, dawa nayo izame hadi kwenye sponji. Unalowesha, unaacha, pakauke penyewe, na pasiwe na sabuni wala dawa nyingine iliyotangulia. Kochi lilitaka mizunguko miwili, siku ya tatu nikaweka pua kabisa, hakuna kitu. Kwa mswala mama alinisahihisha: dawa yako imeondoa harufu, twahara ni maji. Tukaumiminia maji.

Sasa utajuaje kakojoa wapi na wapi? Hili ndilo ninalojivunia. Wakala wa pesa hapo chini ana kitochi cha kukagulia noti bandia, kile cha mwanga wa zambarau. Nikamwazima usiku, nikazima taa zote. Kojo kavu linang'aa umanjano wa kijani. Nilikuta mahali panne: kochi, kapeti la mlangoni, chini ya meza ya kukatia, na kiroba cha vipande vya vitambaa. Ukutani hakuna hata tone. Nilimrudishia wakala kitochi chake bila kumwambia kilikuwa cha kazi gani.

Ule ukuta mkavu ndio ulikuwa na maana kuliko vyote, ila mimi sikujua mpaka nilipofika kwa daktari wa mifugo, na nilifika mwisho badala ya mwanzo. Elfu thelathini pamoja na kupima mkojo. Robo ya bei ya choo! Daktari akaniuliza: anachuchumaa au anasimama na kurusha nyuma, mkia unatetemeka? Anachuchumaa. Basi hatii alama ya mipaka, anakojoa, na anatafuta mahali laini pa kukojolea. Mkojo ulikuwa na damu kidogo, ya kuonekana kwa kipimo tu. Mawe hakuna, bakteria hakuna. Kibofu kimevimba, na kwa paka mara nyingi uvimbe wa namna hiyo unakuja na msongo. Akikojoa panamuuma, analaumu mahali alipokojolea, kesho anatafuta pengine.

"Nyumbani kumebadilika nini?" akauliza.

Nikasema hakuna. Nikanyamaza. Halafu nikakumbuka: Januari nilileta cherehani ya pili, ile ya mota ya kiwandani, na kwa kukosa nafasi niliiweka pembeni mwa kibeseni chake. Ikiwashwa sakafu yote inatetemeka. Jiweke wewe, umechuchumaa, mtu anakuwashia mashine sikioni.

Kabla hatujaondoka akaniambia jambo moja ambalo nawaambia nanyi wote wenye madume. Ukimwona anaingia chooni na kutoka, anakaza, analia, na hakitoki kitu au kinatoka kitone, usingoje kupambazuke. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Akasema pia choo kiwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa paka. Mimi fundi, futi iko shingoni siku zote. Nilimpima Ubwabwa amelala, pua hadi shina la mkia: sentimita 46. Mara moja na nusu, 69. Choo cha Masaki kwa ndani: 48. Nilikuwa nimemshonea suruali ya mtoto.

Nikashuka Kariakoo. Beseni la kuogeshea mtoto mchanga, la bluu, sentimita 78, elfu kumi na nane baada ya kubishana. Nimeliweka koridoni, mbali na mashine, mbali na sahani ya chakula. Ndani mchanga laini unaoganda donge, usio na manukato, kina cha vidole vitatu. Mfuko wa kilo kumi elfu thelathini na tano, unatutosha mwezi na siku kadhaa, maana unazoa donge tu na kuongezea. Mchanga wa ujenzi ni rahisi kwa bei ila hauna donge, inabidi umwage wote, na kuupandisha ghorofa ya pili ni mgongo wako. Kile kibeseni cha zamani nacho nimekirudisha, kipo chumbani, kwa sababu hesabu ya daktari ni idadi ya paka ujumlishe moja. Asubuhi nazoa, jioni nazoa. Chakula cha maji nimeongeza.

Siku ya kwanza aliingia kwenye lile beseni, akazunguka mara mbili, akachimba hadi mchanga ukaruka ukutani, akakaa. Nilisimama mlangoni na sindano mdomoni nikimtazama kama ninayetazama penalti.

Tangu mwisho wa Aprili ajali imekuwa moja tu, Jumamosi ya harusi ya jirani, matarumbeta yalipopigwa dirishani kwetu saa nzima. Kapeti la mlangoni. Dawa ninayo, nilijua la kufanya.

Kwa hiyo: dawa ya vimeng'enya nyota nne, moja nimeitoa kwa sababu maelekezo yameandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Beseni nyota tano. Choo cha paa nyota mbili, labda kitamfaa mwenye paka mdogo asiye na makuu. Nilijaribu kukirudisha, wakasema kilichotumika hakirudi, nami hapo siwalaumu. Nimekitoa paa na kukisugua, sasa nawekea vipande vya vitambaa. Lile paa lipo chini ya dirisha, na Ubwabwa hulala juu yake mchana kutwa.