Mahojiano au kushinda mtaani: njia mbili za kutafiti maisha ya Kariakoo

Kariakoo, Dar es Salaam, nyumba nyingi za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, zimebomolewa kupisha maghorofa ya biashara. Anayetaka kujua watu wanaishije humo ana njia mbili: kuwahoji, au kushinda nao akitazama.

Mahojiano yana nguvu kwenye historia. Nani alirithi kiwanja, mwekezaji aliahidi nini, wapangaji walihamia wapi: hayo huyaoni kwa macho, mpaka usimuliwe.

Ila muulize mtu "majirani mnaishije?" atakujibu "vizuri tu", maana ndivyo mgeni anavyojibiwa. Kaa mtaani tangu asubuhi, ndipo utaona nani anaachiwa funguo, mama ntilie anamkopesha nani chakula, mmachinga anasogeza wapi bidhaa zake duka likifunguliwa. Palipovunjwa baraza, angalia wazee wamehamishia wapi bao lao. Sijaona dodoso linalouliza hilo. Gharama ya kushinda mtaani ni muda mwingi, na uwazi pia: serikali ya mtaa ijue upo, na watu wajue unaandika nini kuwahusu.

Mimi ningeanza kwa kutazama, bila kinasa sauti, kisha nihoji. Swali linalotokana na ulichokiona hufungua mazungumzo ambayo swali la karatasini haliyafikii. Mwenye siku chache tu achague mahojiano, lakini ayafanyie kibarazani au dukani kwa mhojiwa, si ofisini.