Bei ya kupikia ya Yaka na sufuria ya presha: nani hasa inamlipa?

Sufuria ya presha ya umeme ni kifaa kizuri. Bei ya Yaka, umeme wa kulipia kabla wa Uganda, iliyowekwa ili watu wakinunue ndiyo yenye kasoro. Vitu hivi viwili huuzwa kwa maneno yale yale, "pika kwa umeme, acha mkaa", lakini kila kimoja kina hesabu yake.

Tuanze na bei. UEDCL, kampuni ya serikali, ilipopokea usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni binafsi iliyoitwa Umeme, tarehe 1 Aprili 2025, mteja wa nyumbani alipangiwa hivi: yuniti 15 za kwanza za mwezi, shilingi 250 kila moja, ya 16 hadi ya 80, shilingi 756.2, ya 81 hadi ya 150, shilingi 412, kuanzia ya 151 unarudi 756.2. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18. Tabaka la 412 ndilo linaloitwa bei ya kupikia, ingawa mita haijui kama umechemsha maharagwe au umepiga pasi. Inahesabu yuniti tu.

Sababu ya serikali inaeleweka. Bwawa la umeme la Karuma peke yake lina megawati 600, la Bujagali 250, la Isimba 183, na umeme usiotumika hauna faida kwa yeyote. Upande wa pili, karibu kila jikoni bado ni kuni na mkaa, na miti inakwisha. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Ukimzuia mtu mkaa, umpe kitu kingine cha kupikia.

Sasa chukua kalamu, tuhesabu kwa bei hizo za Aprili 2025. Nyumba ya kwanza ina taa, redio, televisheni na simu za kuchaji: yuniti 45 kwa mwezi, shilingi 31,194 pamoja na VAT. Wakianza kupika kwa umeme na kuongeza yuniti 40, wanafika 85 na kulipa 64,856. Nyumba ya pili ina friji, pasi na hita ya maji, tayari iko yuniti 80. Nayo ikiongeza 40 za kupikia, inafika 120.

Yuniti 40 za nyumba ya kwanza zimegharimu shilingi 33,662. Zile zile 40 za nyumba ya pili, 19,446. Chakula kile kile, sufuria ile ile, na mwenye friji ndiye aliyepunguziwa. Nyumba ya kwanza imeonja bei ya kupikia kwa yuniti tano tu. Punguzo limewekwa ghorofa ya tatu, na anayelihitaji zaidi yuko chini anapuliza sigiri, jiko la mkaa.

Kuna upenyo mmoja. Bei hufuata yuniti ulizonunua ndani ya mwezi, na mwezi mpya unaanza upya. Anayetumia yuniti 75 kila mwezi akinunua 150 kwa mkupuo mwezi mmoja, zimtoshe miwili, anaokoa karibu shilingi 19,500 ukilinganisha na kununua 75 mara mbili. Lakini hiyo ni shilingi 96,457 kutoka mfukoni siku moja, na wengi hununua Yaka ya elfu tano tano. ERA, mamlaka inayosimamia umeme, hupitia bei kila robo mwaka, kwa hiyo soma mgawanyo kwenye risiti kabla ya kutegemea hesabu hii.

Sufuria yenyewe tunazungumzia ile ya kawaida ya lita 6, wati 1,000. Nusu kilo ya maharagwe makavu na lita moja na nusu ya maji haipiti nusu yuniti. Kwa bei ya 756.2 pamoja na VAT, hiyo ni kama shilingi 446. Kwa bei ya kupikia, 243. Yaliyolowekwa usiku huiva kwa dakika 25 hadi 30 za presha, yasiyolowekwa dakika 50 hadi saa nzima. Linganisha na mkaa unaoungua saa mbili au tatu.

Siri ni joto. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji kwenye sufuria ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale iko juu zaidi, maji huchemka kwa nyuzi chache zaidi, na ndiyo maana maharagwe huko hukaidi. Ndani ya presha joto hupita nyuzi 110. Zaidi ya hayo, kuta zake hutunza joto: sahani ya joto iliyo chini ikishapasha, huzima na kuwaka kwa vipindi. Molokoni (kwato za ng'ombe), ambayo kwenye sigiri ni kazi ya mchana kutwa, huchukua saa moja na robo. Byenda (matumbo) pia.

Isichoweza kupika ni posho (ugali), kwa sababu inataka kusongwa na kifuniko lazima kifungwe. Matoke ya kuvumbikwa kwenye majani kwa familia ya watu wanane hayaingii, na hata yakiingia machache, ladha si ile. Chapati usiulize. Kwa maneno mengine sigiri haitoki nyumbani, ila inapumzishwa kwa vyakula vigumu, na hivyo ndivyo vinavyokula mkaa.

Makosa yanayoiua hujirudia. Sufuria ya ndani ikirudishwa ikiwa na maji chini, sahani hushika kutu na nyaya huungua, ifute kwanza. Maharagwe yakijazwa kupita nusu, povu na maganda huziba vali, halafu presha haishuki au kifuniko hakifunguki. Kijiko cha mafuta hupunguza povu, na baada ya kuiva acha presha ishuke yenyewe badala ya kufungua vali. Pete ya mpira ikilegea, mvuke hutoka pembeni na sufuria haifiki presha. Watu hudhani kifaa kimekufa, kumbe ni pete. Kabla ya kununua, muulize mwenye duka kama anauza pete peke yake. Asipokuwa nayo, nenda duka lingine.

Umeme hafifu wa saa mbili usiku nao una hesabu yake. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, wati 1,000 zinakuwa kama 690. Chakula kitaiva, ila kupasha kutachukua nusu tena ya muda. Umeme ukikatika, ile ya vitufe mara nyingi husahau kila kitu na kuanza upya. Ya kuzungusha kwa mkono huendelea ilipoishia. Kwa mitaa inayokatikakatika, nunua ya kuzungusha, hata kama haina urembo. Na ichomeke kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni ya waya mwembamba inayochukua televisheni, pasi na sufuria kwa pamoja huyeyuka.

Mwenye mita yake na matumizi yanayokaribia yuniti 80, anunue bila kusita. Mwenye mita yake na matumizi madogo atalipa zaidi kwa yuniti, lakini kwa maharagwe, molokoni na byenda pekee bado inafaa.

Anayepanga muzigo, yaani chumba cha kupanga kwenye safu ya vyumba, wenye mita moja kwa vyumba sita ndiye aliyeachwa kabisa. Yuniti 15 za bei nafuu zinagawanywa kwa familia sita, tabaka la 412 linapitwa katikati ya mwezi, na mara nyingi mwenye nyumba hutoza kiwango kimoja kwa kila kifaa, au hukataza kabisa "vitu vya kupikia". Kabla ya kununua sufuria, mwombe akuonyeshe risiti ya Yaka ya mwezi uliopita, mkae mhesabu pamoja. Akikataa, mita ndogo ya kupimia chumba chako peke yake, ikifungwa na fundi mwenye leseni, ndiyo ya kununua kwanza.