Kliniki ya sauti hapa Kampala, foleni ndefu ila kazi wanaijua

Makondakta wa Old Taxi Park, ma-MC wa kwanjula (ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwao), walimu, watu wa kwaya, hii ni yenu. Mimi ni MC na sauti ilikua imekwaruza mpaka wateja wakaanza kuulizia MC mwingine, kwahivo nikaenda kwa kliniki moja ya masikio, pua na koo hapa mjini (jina ntampa atakayeniuliza).

Foleni kwanza. Unapewa saa ya asubuhi unaonwa mchana, na dada wa mapokezi hata hasemi pole. Bei nayo imechangamka, beba pesa.

Lakini ile kamera! Wanakupulizia dawa ya ganzi puani, chungu balaa, machozi yanatoka, alafu waya mwembamba unapita puani na unaona nyuzi zako za sauti live kwa skrini. Ni mikunjo miwili midogo, hata sentimita 3 haifiki, ukivuta pumzi inaachana, ukiongea inakutana na hewa ya mapafu inapita katikati inaitetemesha, mwanaume mara 100 na kitu kwa sekunde moja, mwanamke kama 200. Jicho haliwezi kufuata hiyo spidi, ndo maana wana taa ya kuwakawaka inayofanya uione ikipepea polepole. Na pale ilipo ni mlio tu kama wa nyuki, ulimi na mdomo na pua ndo vinaugeuza maneno. Yangu ilikua imeota vinundu, kimoja kila upande, pale inapogongana nikipiga kelele bila maiki.

Daktari mwenyewe mkavu, haongei sana. Aliyenisaidia ni yule dada wa mazoezi ya sauti. Nilikua nakunywa tangawizi nikidhani itaponya nyuzi. "Sebo, hiyo tangawizi haifiki huko," akaniambia, ukimeza njia ya hewa inajifunga na kinywaji kinapita nyuma kwenda tumboni. Maji kunywa, yanalainisha mwili wote, ila acha kukohoakohoa kusafisha koo, na kunong'ona pia sio kupumzisha sauti. Akanipa zoezi la kuguna huku napuliza mrija kwenye glasi ya maji, nyumbani wakanicheka kweli. Upasuaji hawakuutaja kabisa, na sasa naongoza shughuli mpaka usiku bila kukwama.

Kama umekwaruza wiki 3 na zaidi nenda tu, wavuta sigara ndo msingoje kabisa. Paki ya gari hakuna, panda boda.